Masikio ya Doberman: Kabla Hujakubali Yakatwe

Shemeji yangu amejenga Goba, na kama ilivyo kwa wengi wanaohamia pembezoni mwa Dar es Salaam, baada ya geti kilichofuata ni mbwa. Alinitumia picha kwenye simu: kijibwa cheusi, madoa mawili ya kahawia juu ya macho, miguu mirefu isiyojua pa kwenda, na masikio yamelala kichwani kama majani ya mhogo yaliyokosa maji. Chini yake ameandika, "Shem, hivi huyu ni Doberman kweli au nimepigwa? Mbona masikio yameanguka?"

Hakupigwa. Doberman huzaliwa na masikio yanayoning'inia, na akiachwa alivyo atazeeka nayo hivyohivyo. Yale yaliyochongoka kama pembe za swala, tunayoyaona kwenye filamu, hayakuota. Yamekatwa. Wala shemeji asione haya kwa kutokujua. Utafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, uliochapishwa 2016, uliwauliza Wamarekani kwa nini mbwa wa aina fulani wana masikio na mikia mifupi, na asilimia 42 hivi walikosea jibu. Waliamini wamezaliwa nayo.

Wanaokatwa ni wengi: Great Dane, Boxer, Schnauzer, Cane Corso, Dogo Argentino, pit bull wa Marekani. Upande wa pili wapo ambao masikio yao husimama yenyewe bila mkono wa mtu: German Shepherd, Basenji wa misitu ya Kongo, na wengi wa mbwa wetu wa kienyeji, ambao mara nyingine sikio moja limesimama na la pili limekunjika katikati, kama mtu anayesikiliza umbeya wa jirani huku anajifanya hasikii.

Muuzaji alikuwa amempa shemeji siku kumi za kuamua. Kijibwa kina wiki saba, na "mtu wa masikio" anakuja mwisho wa mwezi. Haraka hiyo ndiyo iliyonifanya niandike, kwa sababu ukiwa na siku kumi hujiulizi kama jambo lenyewe lina haja. Unajiuliza tu kama hela ipo.

Mezani, na baada ya mezani

Masikio hukatwa kijibwa kikiwa na wiki 7 hadi 12. Wiki hizo zikipita gegedu la sikio, ule mfupa laini wa ndani yake, huwa limekomaa, haliwezi tena kufundishwa kusimama, na hata katika nchi zinazoruhusu, madaktari wengi hukataa. Kijibwa hupigwa nusukaputi. Si ganzi ya sindano moja pembeni, ni usingizi kamili wa upasuaji. Daktari hupima, huchora mstari, kisha huondoa ukingo wa nje wa sikio, ngozi na gegedu pamoja. Kiasi kinachoondoka hutegemea mtindo: upo mfupi wa mbwa wa kazi, upo mrefu wa maonyesho. Ukingo wote hushonwa, na nyuzi hutolewa baada ya wiki moja na nusu au mbili.

Hapo wenye mbwa hudhani shughuli imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Kukatwa peke yake hakusimamishi sikio. Kinacholisimamisha ni kufungwa. Kila sikio huegemezwa kwenye kijiti cha sponji au plastiki, likazungushiwa plasta, na vyote viwili vikaunganishwa kwa daraja la plasta juu ya kichwa. Baada ya siku chache unafungua, unasafisha, unakausha, unafunga upya. Kwa Boxer ni kazi ya wiki kadhaa. Kwa Doberman aliyekatwa masikio marefu ni kazi ya miezi, na wapo wanaofunga mpaka mbwa anakaribia mwaka. Muda wote huo plasta isilowe. Mtu anayeijua Dar ya mwezi wa nne, nguo haikauki kambani na ukuta unatoa ukungu, ajiulize plasta ya mbwa itakaukaje. Mbwa wetu wengi hulala nje, bandani, na kidonda kibichi cha nje ni karamu ya nzi. Nzi wakitaga humo, unachokuta ukifungua plasta ni funza.

Na baada ya yote hayo, sikio moja linaweza kusimama na jingine likagoma. Kovu huweza kukaza likavuta sikio pembeni. Ukifika wakati wa kubadilisha meno, karibu na mwezi wa nne, masikio yaliyokuwa yameanza kusimama huanguka tena. Wengine hurudishwa mezani mara ya pili.

Hayo ni ya daktari. Ya wembe ni mengine. Niliwahi kuonyeshwa mbwa wa ghala moja, masikio yamekatwa na fundi wa mtaani karibu kabisa na tundu, watu wawili wamemshikilia. Mwenyewe aliniambia kwa fahari kwamba tangu siku ile mbwa amekuwa mkali, hataki mtu amguse kichwa. Nilimtazama yule mbwa. Kila mkono ulioinuka alijikunja na kuonyesha meno. Mwenye mbwa aliuita ukali. Mimi niliona mnyama anayekumbuka wembe.

Sababu zimebadilika, kisu ni kilekile

Columella, Mrumi wa karne ya kwanza aliyeandika juu ya kilimo na mifugo, alishauri kijibwa kikatwe ncha ya mkia, tena kwa meno, kikifika siku 40, ili kisipate kichaa cha mbwa. Leo tunajua kichaa cha mbwa huzuiwa kwa chanjo. Ila mikia iliendelea kukatwa kwa karne nyingi baada ya sababu hiyo kufa. Kila zama ilikuja na sababu yake mpya.

Kwa masikio, sababu za zamani zilikuwa na mantiki fulani. Ujerumani, mababu wa Great Dane waliwinda nguruwe mwitu, na sikio linaloning'inia ni kitu rahisi kuchanwa na pembe. Mbwa wa wachungaji waliopambana na mbwamwitu walikatwa masikio na kuvishwa mikanda yenye misumari. Kisha wapo waliopiganishwa na mafahali, na wao kwa wao, ambako sikio ni mpini wa bure kwa adui. Uingereza ilipiga marufuku mchezo wa mbwa na fahali mwaka 1835. Kazi iliondoka, mkato ukabaki, sasa ukiitwa urembo.

Doberman alikuja nyuma ya hayo yote. Alianza kuundwa katika mji wa Apolda, Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19, na Karl Friedrich Louis Dobermann, ambaye inasimuliwa alikuwa mkusanya kodi na mkamata mbwa wazururaji. Mtu anayegonga milango ya watu kudai hela anahitaji mwenzake wa sura fulani. Mwonekano wa kutisha ulikuwa sehemu ya kazi tangu mwanzo, na masikio yale ni sehemu ya mwonekano.

Waingereza waliuzima mjadala huu mapema kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 1895 mwana wa Malkia Victoria, aliyekuja kuwa mfalme Edward VII, alijitokeza hadharani kupinga ukataji wa masikio, na kabla karne haijaisha Kennel Club, chama cha wafuga mbwa cha huko, ilikwishawafungia mbwa waliokatwa wasiingie kwenye maonyesho yake. Ndiyo maana wazee wetu waliowahi kuona mbwa wa walowezi wa Kiingereza hawakumbuki Great Dane mwenye masikio kama pembe.

"Ni kwa afya yake"

Hii ndiyo hoja aliyopewa shemeji, na inahitaji kutendewa haki kwa sababu imechanganya kweli na uongo.

Iliyo kweli: mbwa wenye masikio yanayoning'inia hupata zaidi ugonjwa wa masikio. Watafiti wa Royal Veterinary College, Uingereza, walipitia kumbukumbu za mbwa zaidi ya 22,000, wakachapisha 2021 kwamba uwezekano kwa wenye masikio ya kuning'inia ni karibu mara 1.8 ya walio na masikio yaliyosimama. Waliotajwa kuongoza ni Basset Hound, Shar Pei, Beagle, Golden Retriever na jamii zao.

Sasa jiulize: umewahi kuona Basset Hound aliyekatwa masikio? Au Cocker Spaniel, ambaye masikio yake mazito yenye manyoya ni mateso kwa kila mfugaji? Hakatwi hata mmoja. Kisu kingekuwa cha afya, kingeanza na hao. Kinachagua sura, halafu afya inaletwa kama shahidi wa kukodi.

Tena tundu la sikio la mbwa limekaa kama herufi L: linashuka chini, kisha linapinda kuingia ndani ya kichwa. Uchafu, unyevu na fangasi hukaa kwenye kona ile. Ukataji hupunguza pazia la nje tu, kona inabaki ilivyo. Na chanzo kikubwa cha masikio yanayorudia kuugua ni mzio wa ngozi, ambao hautibiki kwa mkasi.

Hoja ya pili ni ya sikio kuvimba damu. Mbwa akitikisa kichwa sana, mishipa midogo hupasuka na damu hujaa kati ya ngozi na gegedu. Ni kweli, sikio fupi lililosimama hupatwa na hilo kwa nadra. Lakini mbwa hutikisa kichwa kwa sababu ndani kunamuwasha. Tibu kinachowasha.

Na ipo sehemu ambayo mazingira yetu yanaipindua hoja nzima. Tembelea banda lolote la German Shepherd lililo jirani na zizi la ng'ombe, tazama ncha za masikio: zimeliwa na nzi wanaouma, zina magamba meusi ya damu. Nzi wale hupenda ncha zilizosimama wima. Mwenye masikio yaliyolala naye huumwa, ila kwenye mkunjo. Kwa hiyo anayemsimamishia mbwa wake masikio huku Afrika Mashariki amehamisha kidonda tu.

Kuhusu kusikia vizuri zaidi, sikuona ushahidi wa kunishawishi. Sikio la nje ni chombo cha kukusanya sauti, na anayekikata anakipunguza.

Upasuaji wa sikio wenye haja upo, wala hakuna sheria inayoukataza: uvimbe wa saratani kwenye ncha, jeraha lililochana gegedu. Vilevile India mbwa wa mitaani waliohasiwa huwekewa alama ndogo sikioni wakiwa bado usingizini, wasije wakapasuliwa mara ya pili. Hayo ni mambo mengine kabisa.

Wiki zisizorudi

Kama ningepewa hoja moja tu ya kumwambia shemeji, ningechukua kalenda. Kati ya wiki ya 3 na ya 12 au 14, ubongo wa kijibwa uko wazi. Anayemzoea wakati huo atamwona wa kawaida maisha yote: watoto wa nyumbani, dada wa kazi, bodaboda, kishindo cha mvua kwenye bati. Asichokizoea anaweza kukiogopa mpaka uzeeni, na mbwa mwoga wa kilo 40 ni hatari kuliko mbwa mkali. Ukataji unaangukia katikati ya dirisha hilo. Badala ya kujifunza kwamba mikono ya watu ni mizuri, kijibwa kinajifunza kwamba kila baada ya siku chache mikono inakuja kubandua plasta kwenye kidonda.

Wiki hizohizo ndizo za chanjo. Sindano ya kwanza huanza wiki ya 6 hadi 8, nyingine hufuata kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Kinga haijakamilika, na wewe unakipeleka kijibwa mara kwa mara mahali wanapoletwa wagonjwa. Aliyewahi kufiwa na kijibwa kwa parvo, kuharisha damu kwa siku mbili na kwisha, hahitaji kuelezwa zaidi.

Halafu kuna lugha. Mbwa huzungumza kwa masikio kama sisi tunavyozungumza kwa nyusi. Huyalaza nyuma akiogopa, huyaelekeza mbele akishuku, huyalegeza akiwa na amani. Aliyekatwa bado husema, lakini kama mtu aliyefungwa kitambaa mdomoni: mbwa wenzake na watoto wadogo wanakosa nusu ya onyo.

Sheria, kwa ufupi

Ulaya ina mkataba wa 1987 wa kulinda wanyama wa nyumbani, ambao kifungu chake cha 10 kinakataza kukata masikio na mikia kwa ajili ya sura. Ujerumani, kwao Doberman, walikwishaupiga marufuku ukataji wa masikio katika miaka ya 1980. Na FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, katika maelezo yake ya Doberman ya 2015 linamtambua mwenye masikio ya asili. England na Wales zina sheria ya 2006, Australia nayo inakataza. Ndugu zetu walioko huko wanaofikiria kumpeleka mbwa "kwa mtu" wajue wanacheza na mahakama.

Marekani ni hadithi nyingine. Hakuna katazo la taifa zima. Chama cha madaktari wa mifugo, AVMA, kinapinga waziwazi tangu 2008. American Kennel Club inasema ni sehemu ya kuhifadhi sura ya mbwa husika. Hata hivyo maonyesho yao hayamfukuzi Doberman mwenye masikio ya asili. Sikio halipiti kichwa, lakini kwa wauzaji wetu maelezo ya klabu ya ng'ambo yamepita kila kitu.

Huku kwetu, Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Zote zinaadhibu kumtesa mnyama bila sababu ya lazima. Tena upasuaji wa wanyama ni kazi ya wataalamu waliosajiliwa. Kwa hiyo yule "mtu wa masikio" mwenye begi, wa kwanza kuulizwa ni namba yake ya usajili.

Kibao cha geti

Tuseme ukweli: hakuna anayekata masikio Goba, au Karen kule Nairobi, kwa ajili ya nguruwe mwitu. Tunakata ili mtu akitazama getini asite. Na inafanya kazi, kwa kiasi. Utafiti uleule wa 2016 ulikuta watu humwona mbwa aliyekatwa kuwa mkorofi zaidi na asiye mchezaji. Ulikuta pia jambo ambalo wauzaji hawalitangazi: mwenye mbwa naye alionekana mkorofi zaidi na mwenye kujisikia.

Lakini mwizi wa usiku haoni masikio. Anasikia mbweko, anapima urefu wa ukuta, anasoma kibao cha "Mbwa Mkali", ambacho Wakenya wamekiandika "Mbwa Kali" mpaka kimekuwa utani wa kitaifa. Kinachomlinda mwenye nyumba ni mbwa aliyefundishwa, anayejua nani wa nyumbani na nani mgeni, na anayefunguliwa saa za kufunguliwa.

Pesa ya masikio ingefanya nini kingine? Hapa ndipo Doberman hasa anaponitia wasiwasi. Aina hii imebeba ugonjwa wa moyo kutanuka na kulegea. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2010 ulikuta zaidi ya nusu ya waliochunguzwa huupata katika maisha yao. Kwa baadhi yao dalili ya kwanza ni mbwa kuanguka ghafla na kufa. Wazazi wanaweza kupimwa moyo kwa ultrasound na kwa kifaa cha kurekodi mapigo saa 24. Wengi wao wana pia kasoro ya damu kuchelewa kuganda, iitwayo von Willebrand. Fikiria mnyama wa namna hiyo akikatwa ukingo mzima wa sikio, pande zote mbili, na mtu mwenye wembe. Daktari makini, kabla hajamgusa Doberman kwa kisu chochote, huchana kidogo ndani ya mdomo na kuhesabu dakika mpaka damu ikome.

Ukishasikia yote haya na bado umeamua, na sheria ya ulipo inakuruhusu, basi muulize daktari mambo matatu: kipimo hicho cha damu, dawa za maumivu za siku ngapi, na nani atafunga plasta mwezi wa tatu, yeye au wewe. Akikujibu kwamba vijibwa havisikii maumivu, ondoka. Na kama ulimnunua akiwa tayari amekatwa, usijilaumu wala usimrudishe mezani kunyoosha sikio lililopinda. Kagua ncha kwa nzi, mguse kichwa taratibu kila siku huku unampa kipande cha nyama, na mwachie muda.

Shemeji alinisikiliza kwa simu karibu saa nzima. Jioni akampigia muuzaji, mimi nikiwa pembeni. Akamuuliza kama mama wa vijibwa amewahi kupimwa moyo. Upande wa pili kukawa kimya. Kisha yule bwana akauliza, "Kwani kaka, masikio hutaki tena?"